Hivi kwanini Detroit Lions kila Sikukuu ya Shukrani lazima wacheze wao?

Mkesha_FM
Wakuu habari za muda, kuna kitu kinanisumbua naombeni mnisaidie. Mimi napenda kusikiliza vipindi vya michezo vya redio za Marekani kwenye intaneti, sio kwamba ule mpira wao wa helmeti naujua sana, napenda tu jamaa wanavyochanana laivu. Sasa ikifika ile wiki ya mwisho mwisho ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani, uchambuzi unakufa kifo cha mende. Mtangazaji habari za majeruhi hataki, msimamo wa ligi hataki, anabishana na mwenzie kama bata mzinga ni mtamu kweli au watu wanajilazimisha kwa sababu ni sikukuu, mara msikilizaji kapiga simu anamsema mkwe wake, hamjakaa sawa mnajikuta kwenye mechi ya 1974 watu wanagombana utadhani imechezwa jana jioni. Na katikati ya yote hayo lazima Detroit Lions wachambwe.

Swali langu, hii timu nani aliipa hiyo mechi? Maana miaka waliyokuwa wabovu wa kutupwa bado walipewa, miaka waliyokuwa wazuri wakapewa. Na Dallas Cowboys nao hivyo hivyo. Ligi nzima, yaani NFL, ina timu 32, hizo nyingine zimekosa nini?

Babu Transista
Mkuu umeuliza swali ambalo jibu lake linaanzia hukohuko redioni unakosikiliza.

Ilikuwa 1934. Jamaa mmoja anaitwa George Richards, mmiliki wa kituo cha redio cha WJR pale Detroit, alinunua timu ya Portsmouth Spartans kutoka Ohio akaihamishia mjini kwake akaibatiza Lions. Timu ilikuwa inashinda vizuri tu ila watu hawaji uwanjani, Detroit ile ilikuwa mji wa besiboli, Tigers mwaka huohuo walifika fainali kwahiyo nani akatazame kitu kigeni. Richards akapiga hesabu, akasema mechi na Chicago Bears ambao ni mabingwa watetezi tuipeleke siku ya Shukrani, siku ambayo watu hawaendi kazini. Halafu akatumia ukubwa wake redioni, akaongea na NBC mechi ikarushwa kwenye vituo 94 nchi nzima. Tiketi 26,000 zikaisha mapema, watu wakarudishwa getini. Lions wakafungwa 19-16 lakini nani alijali, biashara ilishajibu.

Kwahiyo mtu akikwambia hiyo ni mila takatifu ya mababu mwambie apunguze, ile ilikuwa promosheni ya mwenye redio aliyekuwa na timu mpya haina mashabiki. Imekuja kuwa mila kwa sababu imerudiwa tu, waliruka 1939 hadi 1944 basi, baada ya hapo kila mwaka wapo.

Cowboys wao waliingia 1966. Meneja wao mkuu Tex Schramm alitaka timu ionekane nchi nzima, timu nyingine zilikuwa zinaogopa kucheza siku ile kwamba mashabiki watabaki nyumbani wanakula, ligi yenyewe ikabidi iwahakikishie Cowboys mapato ya mlangoni. Wakaja watu zaidi ya 80,000! Wale waliokataa sijui walilalaje. 1975 na 1977 ligi ikawapa St. Louis Cardinals badala ya Dallas, mambo hayakunoga, wakarudi kumpigia Schramm magoti naye akasema sawa nachukua ila isije ikatoka tena. Tangu 2006 kuna mechi ya tatu ya usiku, hiyo haina mwenyewe, ndio hizo timu nyingine zinagawana.

Mkesha_FM
Aisee Babu nakupa maua yako. Kumbe mwenye redio ndio kaanzisha halafu leo watu wa redio ndio wanaongoza kuwacheka, mtoto kamgeukia baba 😂😂 Sasa wachambuzi hawajakosa hoja maana nimeangalia rekodi, kuanzia 2004 mpaka 2012 walipigwa sikukuu tisa mfululizo. Ule mwaka 2008 waliomaliza 0-16, yaani mechi 16 bila ushindi hata mmoja, walikula 47-10 kutoka kwa Tennessee Titans, watu wako mezani na familia wanaangalia vile.

KonaBila_Goli
Mimi NFL hata sheria zake sizijui nije upande wa mpira wa kweli. Wazungu wa Uingereza na Boxing Day yao hawajambo. Tarehe 26 Desemba 1963 Daraja la Kwanza (ndio ilikuwa ligi ya juu enzi hizo) zilichezwa mechi 10 yakafungwa magoli 66. SITINI NA SITA. Fulham 10 Ipswich 1, Blackburn kaenda kwa West Ham kampiga 8-2, Man United kachapwa 6-1 na Burnley. Hapo fikiria kipindi cha redio cha kesho yake kinakuwaje.

Utamu wenyewe ni kwamba siku mbili baadae timu zilezile zikarudiana kwenye uwanja wa upande wa pili, na Ipswich aliyekula kumi akamfunga Fulham 4-2, United akamlipa Burnley 5-1, West Ham akaenda kushinda palepale Blackburn 3-1. Yaani shabiki wa Fulham alitamba siku moja na nusu hivi ndio ikawa mwisho wa kuongea. Hii ndio inanifanya nipende mechi za sikukuu, ratiba imebana, miguu mizito, uwanja tope, mchambuzi akitabiri anaumbuka.

Wifi wa Kocha
KonaBila hapo kwenye "miguu mizito" umepita haraka sana. Wewe unafurahi magoli 66, waliocheza walikuwa binadamu, zamani walikuwa wanacheza Krismasi yenyewe na kesho yake tena. Ile ya tarehe 25 ilikuja kufa Uingereza, ya mwisho ya ligi ya juu ni Blackpool na Blackburn 1965, na dunia haikuisha. Ujerumani wanafunga duka Desemba wanapumzika na Bundesliga ipo inadunda. Mwaka 2025 Premier League waliweka mechi moja tu siku ya Boxing Day, Man United na Newcastle, mashabiki walilalamika utafikiri wamenyang'anywa nyumba.

Na mkitaja Boxing Day mtaje na ya 1920 basi. Dick, Kerr Ladies na St Helens, wanawake kwa wanawake, uwanja wa Goodison Park ukajaa watu 53,000 na wengine wakabaki nje. Shukrani yake? Desemba 1921 chama cha mpira cha England kikawapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu zake, eti mpira hauwafai, na marufuku ikakaa karibu miaka 50. Mimi hizo stori za sikukuu zikianza kila mtu anakumbuka 10-1 ya Fulham, hii hamuitaji.

KonaBila_Goli
Wifi umenimaliza sina la kujibu kwenye hiyo ya 1920. Ila kwenye kupumzika sikubaliani na wewe, mchezaji akipumzika mimi mpangaji na shemeji zangu wamejaa sebuleni tutaongelea nini? Siasa??

Babu Transista
😂 Hapo ndio kazi halisi ya mechi ya sikukuu. Ndio maana redio wanachimba za zamani, kwenye kila nyumba babu anaikumbuka moja na mjukuu nyingine. Ile ya 1974 uliyosikia Mkesha ni ya Clint Longley, kijana mgeni kabisa wa Cowboys, Roger Staubach, mtupaji wao mkuu wa mpira, kaumia wako nyuma 16-3 dhidi ya Washington, dogo akaingizwa, sekunde 28 zimebaki akatupa pasi ya yadi 50 kwa Drew Pearson, 24-23. Mtu akishinda hivyo mbele ya nchi nzima iliyokaa sebuleni hasahauliki hata kama hakufanya kikubwa tena.

Na upande wa pili kuna Leon Lett wa Cowboys 1993. Dallas kuna barafu uwanjani (Dallas!), Cowboys wanaongoza 14-13, Miami wanapiga mpira wa mwisho golini wapate pointi tatu, unazuiwa, mchezo umeisha, wachezaji wenzie wanapiga kelele usiuguse, yeye anakuja anateleza mbio anaugusa. Kwa kuugusa tu ukawa mpira hai, Miami nao wakaruhusiwa kuuokota, wakauokota karibu kabisa na mstari wa goli, wakapiga, 16-14. Cowboys msimu huohuo walichukua Super Bowl, fainali ya ligi, lakini jaribu kupiga simu redioni Novemba uwaambie wamsamehe uone.

Mkesha_FM
Sasa nimeelewa kwanini jina la Lett linatajwa kila baada ya tangazo la biashara. Na ile ya 2024 ndio niliisikiliza mwenyewe, Bears wako nyuma 23-20 kwa Lions, wana taimauti moja mfukoni, yaani ruhusa ya kusimamisha saa, kocha kasimama tu saa inakimbia mpaka ikaisha, kesho yake kafukuzwa kazi. Lions hatimaye wameshinda sikukuu na bado redioni hakuna aliyewasifia, masaa manne mazima ni taimauti ya Bears tu.

Wifi wa Kocha
Lions hata wakishinda habari ni ya mwingine 😂 Babu, hebu nijibu na hili, hiyo mechi ya tatu ya usiku isiyo na mwenyewe nani anaamua timu zipi, ligi au tivii?

Babu Transista
Ratiba yote inapangwa na ligi, Wifi, ila mwenye tivii anasikilizwa sana maana yeye ndio analipa. Richards angekuwepo leo asingehangaika kununua timu.