Yesu alikufa badala yangu, sasa hili ninalopitia ni adhabu ya nini?

dada_wa_dunda
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kutoka Bagamoyo. Mimba yangu imetoka, ilikuwa imeshakua na vinguo tulishaanza kununua, halafu dada mmoja kwenye jumuiya yetu kaniambia nijichunguze sana maana Mungu haachi dhambi ipite hivihivi, lazima kuna kitu nalipia. Tangu hapo usingizi sipati. Mimi kipaimara nilifundishwa Yesu alibeba adhabu yangu msalabani, sasa kama aliibeba, hii niliyobeba mimi ni ipi? Na kama kila kitu kiko mikononi mwa Mungu, ina maana na hili kalileta yeye? Naombeni maandiko jamani, msinibembeleze tu.

mvuvi_wa_neno
Pole sana dada angu, na shemeji mpe pole. Hulipii dhambi yoyote. Isaya 53:5 inasema "adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake", juu yake yeye, sio nusu kwake nusu kwako, na Warumi 8:1 imefunga kabisa mjadala wa hukumu kwa walio ndani ya Kristo. Mungu akidai deni ambalo Mwanae kashalilipa atakuwa dhalimu, na yeye hadhulumu mtu. Hapo Bagamoyo wamisionari Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walipoanza misheni yao 1868 walikuwa wanatoa pesa kuwakomboa watumwa, wakawawekea na kijiji chao. Ukishakombolewa hudaiwi tena bei yako mwenyewe.

kaole_juu
Mfano mzuri ila msiuvute sana, maana mtu atauliza hiyo bei alilipwa nani. Askofu Gregori wa Nisa karne ya 4 alisema shetani ndiye aliyepewa fidia, askofu mwenzake Gregori wa Nazianzo akakataa katakata, inakuwaje mnyang'anyi alipwe? Baadaye askofu mkuu Anselm wa Canterbury akasema deni letu lilikuwa kwa Mungu mwenyewe. Na huku pwani majirani zetu Waislamu hutuuliza swali la haki kabisa, asiye na kosa anabebaje la mwingine? Mimi hujibu kwa Yohana 10:18, Yesu anasema uhai wake hakuna anayemwondolea, anautoa mwenyewe. Hakukamatwa mpita njia akasukumiwa kesi ya watu, Mungu mwenyewe ndani ya Mwanae ndiye aliyeingia gharama. Dada, shika hapo, maana huyo huyo ndiye unayeambiwa umwamini na maisha yako.

mwalimu_wa_jioni
Naongezea, Luka 13 Yesu alitajiwa watu waliouawa na Pilato, na yeye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu mwenyewe, sivyo. Yohana 9 kwa yule kipofu vilevile. Kuna mtu atakuletea Waebrania 12, Mungu humrudi ampendaye, ni kweli, lakini hayo ni malezi ya baba kwa mtoto, hakuna deni linalolipwa pale, na hakuna aliyekupa kibali cha kutazama msiba wa mwenzio ukatamka kwamba huu ni fimbo.

Kuhusu kwamba kalileta yeye, soma Matendo 2:23. Msalaba ulikuwa shauri la Mungu tangu zamani na hapohapo Petro anawaambia mlimuua kwa mikono ya watu wabaya. Kwa hiyo kusema Mungu anatawala sio kusema kila kilichotokea ni kizuri. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro na bado alilia akielekea kaburini. Mtoto wako lia tu dada, kulia sio kukosa imani.

dada_wa_dunda
Asanteni sana, nimesoma huku nalia. Mume wangu kauliza kitu kimoja tu, kama aliweza kuzuia mbona hakuzuia?

mvuvi_wa_neno
Mwambie shemeji Ayubu aliuliza hivyo sura kwa sura, Mungu akaja akaongea naye na sababu hakumpa. Walioambiwa wamekosea ni wale rafiki zake waliokuwa na majibu. Sisi tumepewa kitu Ayubu hakukiona, Warumi 8:32, aliyemtoa Mwanae kwa ajili yetu hawezi kuwa anatuchukia kwa siri. Aulize tu, Zaburi 13 inaanza na "Hata lini", someni wote wawili usiku. Kliniki urudi kama ulivyoambiwa. Na huyo dada wa jumuiya, mchungaji amwite waongee, kabla hajaenda kwa mwingine.