Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya 1940, iendelee kurushwa au ikae tu makumbusho?

MzeeWaTukuyu: Nipo huku Uingereza, juzi nimepeleka watoto Duxford, makumbusho ya vita karibu na Cambridge. Wana Spitfire namba N3200, hiyo iliangukia ufukweni Sangatte, karibu na Calais Ufaransa, Mei 1940 ikamezwa na mchanga miaka na miaka, ikatolewa ikatengenezwa, 2015 makumbusho wakapewa na mpaka leo inaruka. Watu wanashangilia, mimi roho mkononi. Mei 2024 si rubani wa jeshi lao kafa na Spitfire kule Coningsby? Ziwekwe ndani tuziangalie jamani.

Kipanga77: Ndege isiyoruka ni sanamu. Ile injini yake ya Merlin ikiwaka, silinda 12, lita 27, mpaka kifua kinatetemeka. Ila mwoga haelewi, ukoo wenu mmezoea baiskeli.

Binti_Pwani: Na Dallas 2022 je? B-17, ndege ya mabomu ya vita vilevile, imegongwa na kindege kingine hukohuko angani kwenye maonyesho, watano wakafa

Kipanga77: Sita.

Binti_Pwani: Ahsante, umenisaidia hoja 😂

MzeeWaTukuyu: Kipanga ukoo wangu unauingizaje hapa? Babu yangu alikuwa Keya, askari wa KAR wa Mwingereza, 1944 yuko Burma bonde la Kabaw anavuta magari kwenye tope, mvua haikatiki, karudi na koti na stori basi. We babu yako alikuwa wapi?

Kipanga77: Punguza jazba mzee, utani ule. Ila sasa babu na Spitfire wapi na wapi

Mswazi_Original: Wapi na wapi?? Makoloni yalichangishwa hela za ndege, pauni 5,000 mnaandikwa jina ubavuni. Kikosi cha 249 cha jeshi la anga la Uingereza kiliitwa Gold Coast sababu ya mchango wao. Kwahiyo zile ndege tuna hisa, zisife kizembe

Binti_Pwani: Gold Coast ni Ghana kaka, hisa ni zao

Mswazi_Original: Waafrika si wamoja?

Binti_Pwani: Kwenye mpira mbona hamsemagi hivyo

Kipanga77: 😂😂 Mzee turudi kwa babu, alikuwa batalioni gani? Wa kwangu alikuwa 36, ya Tanganyika, naye Burma hiyohiyo.

MzeeWaTukuyu: 36?! Wewe kwenu wapi?