Anayemuuguza mama aliyepooza hataki kupokewa zamu, tumsaidieje?

Mwana_Kibaha: Wakuu, mgonjwa wa kiharusi yuko nyumbani, upande wa kulia umepooza, hageuki mwenyewe. Binti yake mmoja ndiye anamgeuza, anamlisha, anaamka usiku. Akiambiwa apumzike anajibu "nitaweza", kisha anajifungia chooni analia. Tufanyeje asione ananyang'anywa mama yake?

Zamu_ya_Usiku: "Pumzika" kwake maana yake mama aachwe. Na "ukihitaji chochote sema" inamwongezea kazi ya kupanga. Mwambieni hivi: "Jumanne na Ijumaa, saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, namgeuza mimi." Anzeni na usiku. Kugeuza kila baada ya saa 2 kunamkatisha usingizi mara tatu, nne. Asiyelala humkasirikia mgonjwa, halafu hujilaumu kwa hasira hiyo. Kilio cha chooni mara nyingi ndicho hicho.

Bi_Mkunga: Naongezea, maana hofu yake ina msingi: wanaopokea zamu wengi hawajui kazi. Wekeni daftari kitandani: saa, ubavu, chakula, dawa, choo. Msimvute mkono uliopooza, bega litateguka. Mgeuzeni kwa shuka iliyokunjwa chini yake, mmoja begani, mwingine nyongani. Mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda cha kulalia kinachoanza haujitokezi vizuri, kwa hiyo pitisheni kiganja kiunoni na visiginoni mkitafuta joto au ugumu. Chakula ale amekaa wima, kijiko kidogo, abaki hivyo dakika 30. Akipaliwa mara kwa mara, acheni kumlisha, apelekwe hospitali apimwe kumeza.

Siku za kwanza binti akae pembeni aangalie. Akiona mikono inajua, atakwenda kulala.

Mzee_Kijana: Na jamani, acheni kumwita shujaa! "Bila wewe mama angeshakufa" ni mzigo mzito mno. Aliyesifiwa hivyo hathubutu kusema amechoka, na mama akipata kidonda au nimonia licha ya matunzo yote, atajiona yeye ndiye kamuua. Mwambieni mapema kwamba hayo hutokea hata penye uangalizi mzuri. Binti akiacha kula, au akisema heri afe, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwana_Kibaha: Nashukuru sana. Ubavu uliopooza anaruhusiwa kuulalia?

Bi_Mkunga: Ndiyo, ila bega livutwe mbele kidogo lisibanwe na mwili, na akionyesha maumivu mgeuzeni hata kama saa 2 hazijafika.