Muda ukirudi nyuma utapimwaje? Naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Saa ya atomi huhesabu mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa sesiamu kupata sekunde moja. Sasa muda ukirudi nyuma, saa hiyo itatuambia? Mimi naona haitajua, maana mtetemo ni uleule mbele na nyuma. Kinachoonyesha mwelekeo ni entropia, yaani kipimo cha mvurugiko wa vitu, ambao kwa kawaida huongezeka: yai likishapasuka halijirudishi kwenye ganda. Ila kumbukumbu zetu nazo zitakuwa zinafutika, nani atasoma hicho kipimo? (Hapa ndipo huwa nakosa usingizi.) Nimesoma pia kuhusu kaoni, chembe ndogo kuliko atomi, ambazo wanafizikia Cronin na Fitch walionyesha mwaka 1964 kuwa zinavunja ulinganifu wa CP (kati ya chembe na taswira ya kioo ya antichembe zake), jambo linaloashiria kuwa kwao muda mbele na nyuma si sawa. Je, hizo zinafaa kuwa kipimo, au nibaki na entropia? Walimu wa fizikia, nielekezeni. Hesabu za kidato cha sita naziweza.