Mrejesho: matairi ya theluji, Minneapolis

Wakuu, niliuliza kama matairi ya misimu yote yanatosha kwa baridi ya Minnesota, huku Marekani. Asanteni sana mlionishauri. Nimefunga ya theluji, yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, yote manne, maana ukifunga ya mbele tu, nyuma inakuchomoka kwenye kona. Breki sasa zinashika! Mpira wa matairi haya haukakamai hata joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Kwa aliyesema chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inatosha: hapana, ndugu yangu. Baridi ikifika kama nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu haiyeyushi kitu. Kwenye madaraja bado naenda taratibu, yanaganda kabla ya barabara. Na chumvi hiyo inakula bodi, osheni hadi chini ya gari.