Je, ni lazima nimshukuru Mungu kwa msiba wenyewe?

Mfiwa wa Jinja:
Ndugu zangu katika Kristo, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mke wangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na gharama za matibabu zikaumaliza mtaji wa duka langu la vipuri vya pikipiki, hata ada za watoto sasa zinalipwa na shemeji yangu. Wazee wa kanisa wananisomea Warumi 8:28 na kuniambia kwamba Mungu alilileta pigo hili kwa faida yangu, na kwamba nisipolishukuru, imani yangu ina kasoro. Mstari huo siukatai, lakini nashindwa kuuita ugonjwa uliomtesa mama wa watoto wangu kuwa ni zawadi. Mkristo hulionaje kusudi la Mungu katika dhiki bila kusema uongo?

Mwalimu mstaafu, Gulu:
Pole sana, ndugu yangu. Katika mstari huo Mtume Paulo hasemi kwamba mambo yote ni mema. Anasema kwamba katika mambo yote Mungu huwatendea mema wampendao. Yusufu naye, katika Mwanzo 50:20, hakuyapamba matendo ya ndugu zake waliomtupa shimoni na kumuuza: aliyaita mabaya, kisha akasema kwamba Mungu aliyakusudia kuwa mema. Tena aliyasema hayo kwa kinywa chake, baada ya miaka mingi. Hakuhubiriwa na mtu akiwa bado shimoni.

Sisi wa kaskazini mwa Uganda tunamkumbuka Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda (la Kianglikana), aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Serikali ilitangaza ajali ya gari, na mwili ukapelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, huku kaburi lililochimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, likibaki tupu. Waumini walikusanyika hapo hata hivyo, wakaimba kando ya kaburi lile. Hawakuyashukuru mauaji, walimsifu Mungu ambaye mauaji hayakumshinda, na mwaka huohuo Kanisa la Uganda likaadhimisha miaka 100 ya Injili nchini.

Katekista, Masaka:
Nakubaliana na Mwalimu, ila wazee wale wasilaumiwe kupita kiasi, kwa maana shukrani ya kweli katika mateso ipo. Wafiadini wa Uganda, Charles Lwanga na wenzake waliouawa kwa moto Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana, walikufa wakiomba. Hata hivyo, wao walichagua kutoikana imani, ilhali ugonjwa hakuna aliyeuchagua, kwa hiyo mfano wao haumtoshi kila mfiwa. Kwako ningeanza na Zaburi za maombolezo. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, nayo ni Neno la Mungu kama zile nyingine zote.

Mama wa Nakivale:
Kaka, pole. Mimi ni Mkongomani, nilikimbilia huku kwenye makazi ya wakimbizi na watoto bila baba yao, na kwa muda mrefu kila aliyenitajia baraka nilimnyamazia. Kisha akaletwa mjane mwingine karibu na kwangu, nikajikuta najua la kufanya: kumchotea maji, kuwapikia watoto wake uji, kukaa naye bila maneno. Hapo ndipo nilipoielewa 2 Wakorintho 1:4, kwamba tunafarijiwa ili nasi tuweze kuwafariji wengine. Leo tuko wajane kadhaa tunaoweka akiba kidogo kila wiki na kukopeshana. Siamini kwamba vita vililetwa ili kikundi chetu kizaliwe. Hesabu hiyo ingemfanya Mungu kuwa mfanyabiashara katili. Naamini tu kwamba vita vilipotufukuza, yeye alifuatana nasi.

Kuhusu duka, usimwachie shemeji mzigo wote. Uliza kama kanisani kwenu kuna kikundi cha akiba, na wazee hao wanaokuhimiza kushukuru uwaombe wakudhamini upate mkopo mdogo wa kununulia vipuri.