Zawadi za Krismasi na kijana anayesomea nyumbani: Kariokor, Soko la Maasai au Kazuri?

Mama_wa_Ngara:
Hamjambo wenzangu. Binti yangu ana miaka 15 na anasomea nyumbani, na mwaka huu nimemkabidhi bajeti yote ya zawadi: shilingi 6,000 kwa watu watano. Yeye ndiye atakayechagua, kupatana bei na kuandika hesabu daftarini, mradi kila kitu kiwe kimetengenezwa kwa mkono hapa nchini. Tunapima kati ya masoko ya hapa Nairobi: soko la Kariokor, Soko la Maasai na karakana ya shanga ya Kazuri kule Karen. Tarehe 22 tunapanda matatu kwenda Murang'a, kwa hivyo vitu visiwe vya kuvunjika ovyo. Mngeanzia wapi?

Mshona_Ngozi:
Kariokor, mama, bila kusita, ingawa nakiri kwamba nina upendeleo kwa kuwa ndiko nilikojifunza kazi. Viondo vingi, yaani vikapu vya mkonge, hufika pale vikiwa vimefumwa tayari na akina mama wa Ukambani na wa upande wa Mlima Kenya, lakini havina mikanda. Ngozi hukatwa na kushonwa pale pale sokoni, kwa hiyo binti ataiona nusu ya kazi kwa macho yake na kuzungumza na anayeifanya. Kabla ya kutaja bei, akipindue kiondo na kukagua kitako, mahali ufumaji unapoanzia. Duara likiwa limenyooka na nyuzi zimebanana, aliyekifuma ni mzoefu. Kisha auvute mkanda kwa nguvu huku akitazama ndani, aone kama uzi wa ngozi umepenya mkonge au umeshika bitana tu. Huu wa bitana hauvuki hata Januari.

Jirani_wa_Karen:
Naheshimu maneno ya fundi, lakini kwa mtoto anayejifunza, Kazuri ina kitu ambacho soko halina: kazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, iko chini ya paa moja. Ilianza mwaka wa 1975 na wanawake wawili tu. Udongo hukandwa, shanga hufinyangwa mojamoja kwa viganja, zikatobolewa, zikakaushwa na kuchomwa tanuruni, kisha zikapakwa rangi na kurudishwa motoni mara ya pili. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi ili mkute akina mama mezani. Hereni hazina uzito wowote safarini. Kasoro ni kwamba bei imeandikwa, kwa hiyo somo lako la kupatana halitakuwapo.

Baba_Hesabu:
Somo hilo lipo Soko la Maasai, tena kwa wingi kupita kiasi. Soko hilo huhama kulingana na siku, na Ijumaa huwa kwenye jengo la maduka la Village Market. Tatizo ni mabroka: mtu anakupokea kwa tabasamu, anakubebea kikapu, anakusanya kila unachokigusa, halafu mwishoni anakutajia jumla moja ambayo huwezi kuichambua. Binti ashike daftari lake mwenyewe na aulize bei ya kila kitu kwa mwenye meza.

Jambo lingine ni vinyago vyeusi. Katika soko moja ambalo sitalitaja niliuziwa twiga wa "mpingo", na mvua iliponinyeshea nikielekea stejini, shati langu jeupe likapata madoa ya rangi ya viatu. Tangu siku hiyo hubeba kitambaa chenye maji na kusugua chini ya kinyago kabla ya kuuliza bei. Mpingo wa kweli ni mzito mkononi na hauachi rangi.

Mwalimu_wa_Zamani:
Mkifika Kariokor, msipite bila kulizungumzia jina. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mpenda_Kioo:
Mbona hakuna aliyetaja kioo cha Kitengela? Bilauri zake hutengenezwa kwa chupa na vioo vilivyotupwa.

Mama_wa_Ngara:
Ni vizuri sana, dada, lakini kioo na kiti cha nyuma cha matatu havipatani.

Narudi na habari. Tulikwenda Kariokor Alhamisi. Kiondo cha nyanya yake kilianzia shilingi 2,200, binti akakipindua na kukitazama kitako kimyakimya kwa muda mrefu hadi muuzaji akashuka mwenyewe, wakamalizia 1,300. Mikanda iliongeza 350. Fundi alipoona anavyokodoa macho, alimpa sindano ashone mwenyewe, naye akashona mishono mitano, mmoja ukaenda upande. Fundi alitaka kuufumua, binti akakataa, akisema nyanya ataujua. Dada zangu wawili tuliwachukulia ndala za ngozi, na Jumatatu tutakwenda Kazuri kumtafutia binamu yake hereni. Soko la Maasai tumeliacha mwaka huu, mabroka watatusamehe.

Nikitoa pesa za hereni, zitabaki shilingi 1,150, na aliyesalia ni baba yake. Binti anapendekeza sanduku la bati la kuwekea vifaa vyake, kutoka kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Kuna anayejua kama pesa hizo zitatosha, au niongeze?